Serikali, Maradhi na Imani ya Watu Katika Nchi ya Keringet



Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka mmezoea kuona kwanza hesabu ya fedha: nani ametoa mchango, nani amefiwa, na kiasi gani kilitolewa katika sanduku kumsaidia. Mwandishi wa kurasa hizi si hodari wa hesabu za fedha, na kazi hiyo amemwachia mweka hazina wetu. Lakini ameombwa na halmashauri aandike habari za zamani zenye faida kwa wanachama, naye ameona afadhali aandike juu ya hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari lo lote, yaani imani ya watu kwa Serikali yao wakati wa maradhi makubwa. Maana imani nayo ni kama sanduku la chama. Asiyetia kitu siku za afya hana cha kudai siku ya msiba. Na hata akidai kwa ukali, hakuna kitu ndani cha kumpa.

Tuanze na jambo ambalo hata vijana wetu wanalikumbuka. Siku ya Ijumaa, tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kaunti tano, yaani Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zimefungwa kwa pamoja kwa ajili ya maradhi ya Korona. Mtu asitoke katika kaunti hizo wala asiingie, na ndani yake watu wasionekane nje kuanzia saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Aliye Nairobi aliipokea habari hiyo kama habari ya mji. Sisi wa Keringet tuliipokea kama habari ya ukoo. Barabara yetu itokayo Molo hupita hapa, ikaenda Olenguruone, kisha ikashuka hadi Silibwet na Bomet. Na watu wa juu na watu wa chini ya barabara hiyo ni ndugu na wakwe. Mpaka wa kaunti ni mstari wa karatasi. Binti ameolewa ng'ambo yake, na mgonjwa aliyeshindikana hapa hupelekwa Tenwek, ambako wamishenari walifungua kazi ya kutibu watu tangu mwaka 1937.

Lori la viazi liliruhusiwa kupita, kwa kuwa mizigo haikukatazwa. Abiria ndiye aliyerudishwa. Watu wakauliza, wala si kwa ukaidi, kama maradhi haya hayajui kupanda lori. Ofisa wa Serikali angeweza kulijibu swali hilo vizuri: dereva na utingo ni watu wawili, na basi lina watu hamsini, tena pasipo chakula mji hufa. Lakini jibu hilo halikuletwa hapa na mtu ambaye angeweza kuulizwa swali la pili. Lililetwa na redio. Vizuizi viliondolewa tarehe 1 Mei. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Juni, sikukuu ya Madaraka ikafanyika Kisumu, na watu wengi wakakusanyika. Na katikati ya mwezi huo huo kaunti 13 za upande wa magharibi, Kisumu, Kericho na Bomet zikiwamo, zikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni. Hivyo kwanza tulifungiwa sisi, kisha wakabanwa jirani zetu.

Wako wasemao kwamba watu wa vijijini hawakuamini kwamba maradhi yapo. Mwandishi hakubaliani nao. Walioona majirani wakipelekwa hospitali kwa kukosa pumzi hawakuhitaji kuambiwa. Ambalo watu walilipima ni kinywa kilicholeta habari, nao walikipima kwa mambo waliyoyajua tangu zamani. Kwa hiyo yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Chukueni neno lenyewe, karantini. Machi 2020 vijana walilisikia kama neno jipya. Wazee wetu hawakuliona jipya hata kidogo, kwa maana walilijua tangu utotoni kuwa neno la ng'ombe. Katika siku za ukoloni, akiba za Waafrika, ya Wakipsigis pamoja na nyingine, ziliwekwa chini ya karantini ya mifugo, pengine kwa miaka mingi, kwa sababu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe. Maradhi hayo yalikuwa ya kweli. Hakuna mfugaji awezaye kubisha. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza mifugo karibu katika Afrika ya Mashariki yote. Lakini karantini ile ilimzuia Mwafrika kumpeleka ng'ombe wake sokoni, ikalinda makundi ya walowezi waliokuwa ng'ambo ya mpaka, na pia ikalinda bei yao. Mzee akimtazama ng'ombe wake mzima asiyeruhusiwa kuuzwa, huku kodi ya kibanda inadaiwa kwa fedha taslimu, alijifunza jambo moja: kwamba amri ya kuzuia maradhi yaweza kuwa kweli, na bado ikawa kwa faida ya mtu mwingine. Mtu akiisha kujifunza hilo halisahau, naye huwafundisha wanawe akiwa hana hata nia ya kufundisha.

Habari za watu zilikuwa mbaya kuliko za ng'ombe. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto kwa amri ya mganga wa Serikali. Mwaka 1917 Serikali ya Kiingereza iliwakusanya vijana kwa nguvu wawe wapagazi katika vita na Wajerumani, katika jeshi ambalo watu waliliita Kariakoo. Hesabu ya Serikali yenyewe ilikubali kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivyo walipita 40,000, na wataalamu wa historia husema walikuwa wengi zaidi. Wachache waliuawa na risasi. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na vichomi. Hata kabla vita haijakoma, mnamo Septemba 1918, homa kuu ya mafua ikaingia bandarini Mombasa, ikapanda bara kwa reli ile ile iliyofika Nakuru mwaka 1900. Makadirio ya wataalamu ni kwamba watu wapatao 150,000 walikufa katika Kenya. Baba aliyempeleka mwanawe kwa amri ya chifu, asimwone tena wala asiambiwe kaburi lake liko wapi, angemsikilizaje ofisa aliyekuja baadaye na habari za usafi na dawa?

Kutoka katika miaka hiyo ukazuka uvumi ambao bado unatajwa. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1920 na 1930, watu walisema kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani jambo hilo liliitwa mumiani. Maofisa walicheka, wakauita ujinga. Ulikuwa uwongo, naam. Lakini mama mmoja Luise White, mwalimu wa historia katika Marekani, alikusanya masimulizi hayo katika Kenya, Uganda na nchi nyingine, akatoa kitabu mwaka 2000, naye hakucheka. Aliona kwamba watu walikuwa wakisema kwa njia ya uvumi yale wasiyoweza kuyasema barazani: kwamba wako watu wenye magari na nguo rasmi ambao huchukua kitu cha mwili wako, na huambiwi chaenda wapi.

Karibu nasi zaidi yako mambo mawili. La kwanza ni la ukoo wa Talai. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu, nao wakahamishwa kutoka nchi ya Wakipsigis, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, mahali penye mbung'o na malaria, ambapo wengi walikufa. Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa na waganga wake, nao walijua malaria ni nini. La pili lilitokea Olenguruone, si mbali na hapa. Mwaka 1941 Serikali iliwapa makao huko Wakikuyu waliokuwa wametolewa katika nchi ya Wamasai. Watu hao waliamini kwamba ardhi hiyo ni yao badala ya ile waliyoipoteza; Serikali ikasema ni wapangaji, ikawatolea amri za namna ya kulima na kutunza udongo. Walikataa, wakala kiapo, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wao wakapelekwa Yatta. Twaweza kusema leo kwamba baadhi ya amri zile za udongo zilikuwa njema. Tazameni wenyewe jinsi mvua inavyochukua mashamba yetu ya mteremko. Lakini hakuna aliyezipima kama amri za udongo, maana zilifungwa katika bunda moja na swali la nani mwenye ardhi.

Isidhaniwe kwamba watu wa nchi hii hukataa kila dawa. Ndui ilishindwa. Wazee wengi wa rika la mwandishi wanalo kovu la chanjo mkononi, na hawakuburutwa na askari. Walichanjwa shuleni na sokoni, na waliokuwa karibu nao walikuwa watu waliokwisha iona ndui kwa macho, wakaona pia kwamba aliyechanjwa hakuipata. Mwaka 1977, ilipopenya tena kutoka Somalia, ilizimwa upesi.

Hapo katikati, kati ya ndui na Korona, Serikali yetu wenyewe nayo ilitoa katika sanduku mara nyingi kuliko ilivyotia. Mwandishi hapendi kuchimbua makaburi, wala wanachama wa chama hiki si wa kabila moja, na hiyo ndiyo heshima yake. Hata hivyo kila mmoja wetu ajua Kuresoi na Molo zilivyokuwa mwaka 1992, na mwaka 1997, na tena mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Kila upande una nyumba zake zilizochomwa, na kila upande wauliza askari walikuwa wapi. Halafu Novemba 2009 familia zikatolewa katika Msitu wa Mau wa Kusini Magharibi, zikaishi kwenye kambi za maturubai kando ya barabara, katika baridi ambayo sisi wa juu twaijua. Kutunza msitu ni jambo jema, maana mito yetu yatoka humo. Lakini mtoto aliyelala chini ya turubai mwaka ule alikuwa kijana mzima Korona ilipofika, na gari la Serikali likiingia kijijini yeye hatazami kwanza kama limebeba dawa.

Basi mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kwa haki yapasa kusema mema ya Serikali kwanza. Kila siku Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au msaidizi wake, alisimama akatoa idadi ya waliopimwa, waliougua na waliokufa. Jambo hilo si dogo. Jirani zetu wa Tanzania waliacha kupata hesabu hizo mwisho wa Aprili 2020, zilipofika wagonjwa 509, na mwezi wa Juni wakaambiwa maradhi yamekwisha. Misiba ikaendelea bila jina. Ilikuwa mpaka baada ya kifo cha Rais Magufuli, Machi 2021, ndipo Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa mwenyewe mbele ya watu. Kati ya Serikali inayotaja hesabu ya kutisha na ile inayonyamaza, mwandishi humchagua anayetaja.

Lakini yale yaliyotiwa asubuhi yalitolewa jioni. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, askari waliwapiga watu waliokuwa wakingoja feri Likoni kabla hata saa haijatimia. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Nairobi akiwa juu barazani kwao. Rais aliomba radhi tarehe 1 Aprili, na kuomba radhi kwa mkubwa ni jambo la kuandikwa. Ila mtoto alikuwa amekwisha zikwa. Watu waliowekwa karantini walidaiwa malipo ya malazi, hata mwezi wa Aprili wengine wakaonekana wakiruka ukuta kutoroka. Fikirini: mtu aambiwa amefungiwa kwa faida ya wote, kisha aletewa hati ya kulipa peke yake. Mwezi wa Mei Serikali ikasema italipa yenyewe katika nyumba zake, lakini kufikia hapo mwenye kikohozi alikuwa amejifunza kukificha.

Mwezi wa Agosti 2020 zikatoka habari za ununuzi wa vifaa katika shirika la KEMSA, mikataba ya shilingi bilioni 7.8, na Rais akaagiza uchunguzi umalizike kwa siku 21. Tarehe 7 Desemba daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona, akafa kwa maradhi hayo hayo, huku ikisemwa kwamba hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Na kabla ya Krismasi madaktari wa Serikali waligoma. Wakati huo wote sisi tulikuwa tumepunguziwa watu wa mazishi. Mwanzoni walikuwa 15 tu. Wanachama mnajua maana yake kwa chama kama hiki, ambacho kazi yake ya kwanza ni kusimama kaburini pamoja na mfiwa. Tulitii. Tulimwambia mjomba abaki nyumbani. Kisha tukawaona wanasiasa juu ya magari, na maelfu chini yao, hata Novemba 2020 mikutano ya siasa ikalazimika kupigwa marufuku kwa siku 60. Mtu mmoja wa hapa alisema kwamba basi Korona yahudhuria mazishi lakini haiendi siasani. Watu walicheka, lakini baada ya siku hiyo barakoa zilipungua sokoni, na mwandishi aliziona zikipungua.

Chanjo za kwanza, zilizopita dozi milioni moja, zilifika Machi 2021, zikakuta mashaka yameketi yakizingoja. Si mashaka ya Serikali peke yake. Tangu mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walikuwa wamegombana na Wizara ya Afya juu ya chanjo ya pepopunda, wakisema imechanganywa na dawa ya kuzuia kuzaa. Wizara na Shirika la Afya Duniani wakakana, na wanawake wengi wakabaki na wasiwasi. Mmoja wa madaktari waliopinga wakati ule, Dakt. Stephen Karanja, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, aliipinga na chanjo ya Korona, ingawa safari hii maaskofu wenyewe waliikubali. Alifariki Aprili 2021 kwa Korona. Mwandishi halitaji hilo kwa kushangilia, kwani mtu huyo alikuwa amewatibu wengi, na kwa sababu hiyo waliaminia neno lake. Huko ndiko hatari ilikokuwa: akiba aliyoiweka kwa kazi njema ilitumika mahali pasipofaa.

Novemba 2021, wakati watu wazima waliokamilisha chanjo hawakufika hata 1 katika 10, Wizara ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa katika ofisi za Serikali. Mahakama Kuu ikalisimamisha jambo hilo. Labda amri hiyo iliwasukuma wengine kwenye foleni. Lakini mzee mmoja wa kokwet yetu, aliyekuwa tayari amekubali kuchanjwa, aliposikia hivyo aliahirisha, akasema kitu chema hakiuzwi kwa fimbo. Walikwenda kumwomba mara tatu.

Katika Somalia aliishi mtu aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya Merka. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, chanjo zilikuwapo, naye aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona. Miaka mingi baadaye akajiunga na wale waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwachanja watoto dhidi ya ugonjwa wa kupooza, akawasimulia wazazi kosa lake mwenyewe. Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo, akafa kwa malaria. Wazazi waliokuwa wamemkatalia mganga walimsikiliza yeye, kwa kuwa hakuwaita wajinga; alisema tu kwamba yeye pia aliogopa.

Hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa na wanawake na wanaume wachache wa kujitolea, wahudumu wa afya wa kijiji, ambao katika mwaka 2021 wengi wao hawakuwa na mshahara wo wote. Septemba 2023 Serikali iliwaandikisha wapatao 100,000 katika nchi nzima, ikawapa mikoba ya vifaa na ahadi ya posho. Kabla ya hapo walitembea kwa viatu vyao wenyewe. Mwandishi alifuatana na mmoja wao siku moja ya matope, hadi nyumbani kwa bibi mmoja mjane ambaye alikuwa amekwisha wafukuza watu wawili, mmoja wao ofisa mwenye karatasi. Mhudumu huyu ndiye aliyemzalisha mkwewe bibi yule usiku ambao gari halikupatikana. Alikaribishwa maziwa. Waliongea kwanza habari za ng'ombe, kisha za mvua, na mwandishi, ambaye ni mtu wa haraka, aliona wakati unapotea. Mwishowe bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza, akamtazama usoni, "Na wewe, mwanangu, umechanjwa?" Mhudumu hakusema neno. Alivua sweta, akakunja mkono wa blauzi hadi begani, akamsogezea taa.